Unapanda peke yako na hali ya hewa haieleweki: Ben Lomond, Schiehallion, Cairn Gorm au Ben Nevis?

Kila mwaka ikifika Mei meseji zinaanza, ndugu na jamaa walioko Glasgow, Edinburgh, wengine wanatoka mpaka Manchester, swali ni lile lile: nina siku moja ya off, sina mtu wa kwenda naye, utabiri unasema jua asubuhi mvua mchana upepo jioni, niende mlima gani? Huwa najibu mmoja mmoja kwa voisi ndefu mpaka koo linakauka, kwa hiyo leo nimeamua kuandika yote pamoja, milima minne ambayo watu wananiuliza sana, yote iko Highlands ya Uskoti, yote ina njia inayoeleweka na yote mtu mmoja mwenye afya anaweza kupanda na kushuka siku hiyo hiyo.

Kwanza niseme kitu kwa waliotoka nyumbani. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, kuna geti, unasaini kitabu, kuna wapagazi, kuna mtu anajua umelala kambi gani. Huku hamna geti. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani mradi aheshimu mazingira na wenye mifugo, hulipi kiingilio, na hakuna anayekuhesabu ukipanda wala ukishuka. Ni uhuru mtamu sana, naupenda kuliko kitu kingine chochote cha nchi hii, ila ujue kazi ya mwongozaji na ya yule wa getini zote zimebaki kwako. Na usidanganywe na kimo, Ben Nevis ambao ndio mrefu kuliko yote Uingereza una mita 1,345, yaani haufikii hata Marangu geti pale unapoanzia Kilimanjaro, lakini uko kaskazini kabisa na unapigwa na upepo wa Atlantiki wenye maji ndani yake, na baridi ya maji na upepo inaingia mwilini haraka kuliko baridi kavu ya kule juu kwetu.

Vigezo nilivyotumia

Kimo nimekiweka pembeni makusudi, maana hakikuambii mlima utakufanyia nini wingu likishuka na uko peke yako. Nimeangalia hivi:

Kufika, kwa sababu wengi wetu hatuna gari, na ukitegemea basi la mwisho utaharakisha sehemu ambayo hutakiwi kuharakisha.

Njia na muda. Hesabu natumia ya William Naismith, ya mwaka 1892 na bado inafanya kazi: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Hapo hujahesabu kula, kupumzika, kuvaa na kuvua koti la mvua mara saba, kwa hiyo mimi juu yake naongeza theluthi.

Wingu na upepo. Ukiwa chini unaliona wingu zuri limekaa kileleni, ukiingia ndani yake ni ukungu, unaona mita 20 na sauti zote zinakufa.

Kugeuza. Hiki kwangu ndio kigezo kikubwa kwa mtu wa peke yake. Njiani kuna sehemu ngapi za kusema basi, narudi? Na ukigeuza, njia inakurudisha yenyewe au inataka dira?

Halafu unamfaa nani. Na yote haya nazungumzia mwisho wa Mei mpaka Septemba. Theluji ikiwa chini ya miguu ni habari nyingine kabisa, inataka kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti), shoka la barafu na mtu wa kukufundisha kuvitumia.

Ben Lomond, mita 974

Kufika: toka Glasgow kwa gari ni saa 1 na kidogo, unapita Drymen na Balmaha mpaka barabara inapoishia Rowardennan, wikiendi paking inajaa mapema. Bila gari ni kazi kidogo, basi linaishia Balmaha, ila majira ya joto kuna boti inavuka ziwa toka Tarbet mpaka Rowardennan, ukiitumia hiyo andika saa ya kurudi mkononi kabisa.

Njia na muda: kama kilomita 12 kwenda na kurudi, unapanda mita 950 hivi kutoka usawa wa Loch Lomond. Naismith anakupa saa 4, mimi nasema 5 na nusu. Njia ni pana, imejengwa kwa mawe, inatunzwa na National Trust for Scotland, mguu haupotei.

Wingu na upepo: sehemu kubwa ya mlima huu ni mgongo mpana wa majani, ukungu ukija unatembea tu juu ya mawe ya njia. Pa kuangalia ni mwisho, ukishapanda zile kona kona unatokea kwenye mgongo mwembamba wa kileleni na upande wako wa kulia kuna genge la ghafla, sasa upepo ukiwa mkali ukakusukuma kuelekea huko hapana, rudi. Kosa lingine ni kushuka kwa njia ya Ptarmigan upande wa magharibi kwa sababu kwenye picha ni nzuri. Ni nzuri kweli, lakini inaanza na mteremko mkali wa miamba na kwenye ukungu mtu wa peke yake hana sababu ya kwenda kule. Panda na shuka kwa njia moja.

Kugeuza: popote. Huu ndio utamu wake, kila mita uliyopanda unaweza kuishuka kwa njia ile ile, na siku za watu kuna mtu anapita kila baada ya dakika chache.

Unamfaa: anayeenda peke yake kwa mara ya kwanza, na anayetaka kujua mwili wake unafanya nini kwenye mita 900 bila kubahatisha. Hautamfaa anayetafuta kimya, Jumamosi ya Julai hapo ni kama Kariakoo.

Schiehallion, mita 1,083

Kufika: gari au teksi, hakuna ujanja. Treni inakufikisha Pitlochry, kutoka hapo mpaka paking ya Braes of Foss ni kama dakika 40 barabarani.

Njia na muda: kilomita 10 hivi kwenda na kurudi, kupanda mita 750, kwa Naismith saa 3 na robo, kwangu saa 4 na nusu. Shirika la John Muir Trust lilinunua upande wa mashariki mwaka 1999 likajenga njia mpya, kwa hiyo nusu ya kwanza unatembea kwenye njia safi ya changarawe kama ya bustanini. Halafu njia inaisha. Inaisha kweli, mbele yako kuna mawe matupu ya kwatzaiti, meupe na mengine ya rangi ya waridi, makubwa kama ndoo mengine kama jiko, mpaka kileleni, na kila ukidhani kilele ni kile pale ukifika unakuta kingine mbele.

Wingu na upepo: hapa ndio nataka nikae kidogo. Mara yangu ya kwanza ilikuwa Septemba, chini jua linawaka watu wanapiga picha. Nilipoingia kwenye mawe wingu likaja toka magharibi, ndani ya dakika 5 sioni kitu. Nikakaa juu ya jiwe nikatoa simu niangalie ramani, kioo kimelowa, vidole vimelowa na vimekufa ganzi, nagusa ramani inafunguka kamera, nafuta kioo kwa shati la ndani kinalowa tena kabla sijagusa. Nikairudisha mfukoni nikatoa ramani ya karatasi na dira. Mgongo wa Schiehallion umelala mashariki kwa magharibi, kaskazini na kusini ni miteremko mikali, kwa hiyo kurudi ni kushika mashariki tu na kutolegea. Nikaiweka dira mashariki, nikachagua jiwe moja lenye mstari mweupe mita 15 mbele, nikatembea mpaka pale, nikaligusa kwa mkono, nikachagua lingine. Nilifanya hivyo karibu saa nzima mpaka nikasikia changarawe chini ya buti. Kilele sikukiona siku ile na wala sikujutia, nilirudi Mei iliyofuata.

Ukungu wa pale una historia yake. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne, mwanaastronomia wa mfalme, alikaa miezi kadhaa mlimani hapo akipima jinsi mlima unavyovuta uzi wa timazi, wakitaka kujua uzito wa dunia, na mawingu yalimchelewesha sana maana alihitaji kuona nyota. Baadaye Charles Hutton alipokaa kukokotoa ukubwa wa mlima aliunganisha sehemu zenye kimo sawa kwa mistari, na mistari hiyo ya kontua ndio ile ile utakayokuwa unaisoma kwenye karatasi yako mawingu yakikukuta juu.

Kugeuza: sehemu ni moja tu na iko wazi, pale changarawe inapoishia mawe yanapoanza. Simama hapo kula kitu, angalia magharibi. Wingu likiwa limeshagusa mgongo na hujui kutumia dira, hapo ndio mwisho wako wa leo. Mawe yakilowa yanateleza vibaya na kifundo cha mguu kikivunjika peke yako kwenye mawe yale utakaa sana kabla hujafikiwa.

Unamfaa: mwenye gari, magoti mazima, na anayejua dira kidogo. Ni mfupi, ni mzuri, una kimya, lakini usiuchukue kama mlima wa wanaoanza kwa sababu tu kilomita ni chache.

Cairn Gorm, mita 1,245

Kufika: rahisi kuliko yote kwa asiye na gari. Treni toka Edinburgh au Glasgow mpaka Aviemore ni karibu saa 3, kisha basi linakupandisha mpaka paking ya kituo cha ski, na hapo uko tayari zaidi ya mita 600 juu.

Njia na muda: kama kilomita 8 kwenda na kurudi, kupanda mita 600 na kidogo, Naismith saa 2 na dakika 40, sema 3 na nusu au 4. Njia inapanda kwa mgongo, inapita kwenye jengo la Ptarmigan karibu mita 1,100, kisha marundo ya mawe yanakuongoza mpaka juu. Ile treni ya mlimani usiipangie kama njia yako ya kushukia.

Wingu na upepo: upepo ndio jina la mlima huu. Machi 20, 1986 mtambo wa kileleni ulirekodi maili 173 kwa saa, yaani kilomita 278, hakuna upepo mkali kuliko huo uliowahi kurekodiwa rasmi Uingereza. Siku ya kawaida ya Julai haifiki huko, ila unashuka kwenye basi una fulana, unatembea saa moja na nusu, unajikuta kwenye uwanda mtupu usio na mti wala ukuta wa kujificha. Mwili haujapata muda wa kuelewa. Na kilele ni mviringo mpana, kwenye ukungu ukikosea upande unaweza kuingia ndani zaidi ya uwanda au kusogelea magenge ya Coire an t-Sneachda huku unadhani unarudi paking. Novemba 1971 dhoruba ya theluji iliwakuta wanafunzi kwenye uwanda huo huo, watano walikufa pamoja na kiongozi kijana aliyekuwa bado anajifunza kazi. Ilikuwa ni theluji na huku nazungumzia majira ya joto, lakini nikiwa pale huwa nawakumbuka na siharakishi kufanya maamuzi.

Kugeuza: mpaka Ptarmigan unageuza bila shida, miundombinu ya ski iko kila mahali, ukishuka nayo unafika. Juu ya hapo shika sheria moja, hulioni rundo la mawe linalofuata, huendi.

Unamfaa: asiye na gari, mwenye siku fupi, na anayetaka kuonja uwanda wa juu bila kupanda kutwa nzima. Haumfai anayechukia upepo au asiye na koti la maana.

Ben Nevis, mita 1,345

Kufika: treni toka Glasgow Queen Street mpaka Fort William inachukua karibu saa 4, basi saa 3 hivi, kisha unatembea nusu saa na zaidi mpaka Glen Nevis. Usijaribu kwenda na kurudi Glasgow siku hiyo hiyo, lala Fort William uamke mapema.

Njia na muda: kilomita 17, kupanda mita 1,350 hivi maana unaanzia karibu na usawa wa bahari. Naismith anasema saa 5 na dakika 40 bila kupumzika, weka 8. Njia ilijengwa 1883 kupeleka farasi kwenye kituo cha hali ya hewa kileleni, kituo chenyewe kilifungwa 1904 na magofu yake bado yapo, ndio maana inapanda taratibu kwa kona. Ni ndefu na inachosha magoti wakati wa kushuka kuliko watu wanavyotarajia.

Wingu na upepo: kilele kiko ndani ya wingu siku nyingi kuliko kiko wazi, na kituo kile kilipima wastani wa joto wa mwaka unaokaribia nyuzi 0. Hatari yake iko kwenye mita mia chache za uwanda wa juu. Upande wa kaskazini kuna magenge makubwa na makorongo yanaingia ndani mpaka karibu na njia, upande wa pili kuna korongo la Five Finger ambalo limeua watu wengi waliodhani wanashuka. Namba hizi mbili ziandike kwenye karatasi uweke mfukoni: toka nguzo ya kileleni nyuzi 231 za gridi (yaani toka kaskazini ya mistari ya ramani) kwa mita 150, kisha nyuzi 282 mpaka utoke uwandani ukutane na kona za njia. Mita 150 maana yake uhesabu hatua, kwa hiyo jua kabla hatua zako ngapi ni mita 100. Theluji nayo inaweza kubaki juu mpaka Juni ikafunika njia.

Septemba 1894 kijana wa Uskoti C.T.R. Wilson alikaa wiki mbili kwenye kituo hicho, akaona kivuli chake juu ya mawingu kimezungukwa na pete za rangi, akarudi maabara kutengeneza mawingu ndani ya chombo, na kazi hiyo ikamletea Nobel mwaka 1927. Nimewahi kuona pete hizo mara moja, dakika mbili hivi, na zilinifanya nisahau miguu.

Kugeuza: kwenye kiziwa cha katikati, mita 570, na kwenye kijito cha Red Burn baada yake. Jiwekee saa, mimi saa 8 mchana kama sijafika kileleni nashuka hata kama jua linawaka.

Unamfaa: mwenye miguu iliyozoea na anayeridhika kufika juu asione kitu. Faida yake ni kwamba siku za joto huwi peke yako kamwe, lakini usifuate kundi la mbele ukidhani wanajua wanapokwenda.

Siku yenyewe utaijuaje

Soma MWIS, utabiri wa hali ya hewa wa milimani, usiku na asubuhi tena, ni bure, inakuambia upepo ni maili ngapi kwa saa huko juu na uwezekano wa kilele kuwa wazi kwa asilimia. Ikisema upepo maili 40 mimi sigusi kilele chochote kati ya hivi. Halafu angalia unatoka wapi, maana mvua nyingi inakuja toka magharibi na milima ya huko inaikamua kwanza, kwa hiyo upepo ukiwa wa magharibi Cairn Gorm mara nyingi ni mkavu kuliko Ben Nevis, na ukiwa wa mashariki mambo yanageuka.

Begani usikose koti na suruali ya mvua, glovu pea mbili, tochi ya kichwani, filimbi, ramani, dira, chai ya tangawizi kwenye chupa, chapati zilizoviringishwa na yai kwa sababu mkate unakuwa uji na chapati inavumilia. Mwachie mtu njia yako na saa ambayo asipokusikia apige simu. Ukikwama piga 999, omba polisi, kisha sema uokoaji wa milimani, ni watu wa kujitolea na hawakutozi. Leo hii tuma neno register kwenda 999, netiweki ikiwa mbovu utaweza kuwatumia meseji. Filimbi ni mara 6, pumzika dakika, rudia.

Kwa hali yako

Hujawahi kwenda peke yako na una gari au umefika Tarbet mapema: Ben Lomond, njia moja juu na chini.

Huna gari, una siku moja, upepo wa juu uko chini ya maili 25: Cairn Gorm, na ukiona Ptarmigan panatosha, panatosha.

Una gari, dira unaijua, wingu liko juu ya vilele na halishuki: Schiehallion, na chakula cha mchana kula pale changarawe inapoishia.

Una siku mbili Fort William: Ben Nevis, uchague ile siku yenye upepo mdogo kati ya hizo mbili, mvua inavumilika ila upepo hapana.

Na kama utabiri ni mbaya kote na off yako ndio hiyo hiyo, panda basi la Balloch kwenda Balmaha ukapande Conic Hill, mita 361, nusu siku tu. Juu pale toa dira, chagua mwamba mmoja mbele, hesabu hatua zako mpaka mita 100, rudi, hesabu tena ukiwa umevaa glovu na mvua inakupiga usoni.